Nilivyochagua fremu ya baiskeli ya kaboni kutoka China kwa bei ninayoimudu

Fremu yangu ya alumini ilikuwa bado nzima nilipoanza kutafuta ya kaboni, kwa hiyo sikuwa na haraka. Za majina makubwa sikuziweza. Za viwanda vya Xiamen na Shenzhen, zisizo na jina lolote, nilizikuta kwa takriban dola 500 pamoja na foku, yaani uma wa gurudumu la mbele.

Kwanza niliziweka kando zote zilizobandikwa nembo ya kampuni maarufu kwa bei ya kutupa. Anayeghushi nembo atashindwaje kughushi cheti cha usalama? Fremu inayouzwa waziwazi kuwa haina jina naiamini zaidi.

Wauzaji karibu wote watakuimbia T800 na T1000. Hayo ni madaraja ya nyuzi za kaboni za Toray, kampuni ya Japani, na ni kweli T1000 ikivutwa inastahimili kuliko T700. Ila uimara wa fremu hutegemea zaidi jinsi tabaka zilivyopangwa: ni ngapi, zimelazwa kwa pembe gani, zimekutanaje kwenye maungio. Picha haikuonyeshi hayo. Niliomba ripoti ya majaribio ya ISO 4210, kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, yenye namba ya modeli ileile niliyoitaka. Muuzaji mmoja alinyamaza, mwingine akaleta ripoti ya fremu tofauti. Aliyeleta inayolingana ndiye niliyeendelea naye.

Kipimo cha ukubwa cha "54" sikukitegemea, maana 54 ya kiwanda hiki si 54 ya kile. Nilipima baiskeli yangu kwa utepe wa kupimia: kutoka katikati ya mhimili wa pedeli kwenda juu hadi usawa wa mdomo wa bomba la usukani, milimita 565; kutoka mhimili huohuo kwenda mbele hadi usawa wa katikati ya mdomo huo, 383. Ndizo namba nilizozitafuta kwenye jedwali la kila fremu.

Halafu kuna beringi za kranki, zile zinazobeba mhimili wa pedeli. Fundi wangu hapa Nairobi aliniambia wazi mapema: "Ya kukaza kwa nyuzi za skrubu naiweza hata nje ya duka. Ya kugongewa ikianza kulia, utanirudia kila mwezi." Nikachagua yenye nyuzi za BSA, kiwango cha Kiingereza, ile ambayo kikombe cha beringi cha kulia hukazwa kinyume cha saa. Tundu la kugongea likichongwa vibaya kidogo tu, hakuna grisi itakayonyamazisha kelele.

Niliagiza bila rangi, kwa sababu rangi huficha viraka. Nikaongeza vishikio viwili vya akiba vya dereila ya nyuma, ile inayobadilisha gia. Tafadhali usiliruke hili: fremu nyingi huwa na cha aina yake, na kikipinda huku kwetu hutakipata dukani.

Ilipofika, kabla ya kufunga chochote, nilimulika tochi ya simu ndani ya tundu la kranki kutafuta mikunjo na mabaki ya plastiki ya kuundia fremu. Nikagonga mabomba kwa sarafu, polepole, nikisikiliza kama sauti inafifia mahali. Fundi akaweka gurudumu la nyuma, akaligeuza na kulirudisha, kuona kama fremu imenyooka. Pengo lilibaki sawa kushoto na kulia. Ndipo tukafunga bomba la kiti, kwa spana ya kupimia nguvu na grisi maalumu ya kaboni.

Bajeti yako ihesabu pia usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya Kenya ya asilimia 16, ambayo hutozwa juu ya jumla ya bei ya fremu, usafiri na ushuru. Hata baada ya hayo, nililipa sehemu ndogo tu ya bei ya fremu zenye majina.