Jinsi nilivyorejesha ruhusa za watumiaji baada ya kupandisha toleo la PostgreSQL

Nilipohamisha hifadhidata kutoka PostgreSQL 11 (programu ya kusimamia hifadhidata) kwenda 16, majedwali yalifika salama, lakini seva mpya ilidai kwamba wamiliki wa majedwali hayo hawapo, na amri zote za GRANT, zinazowapa watumiaji ruhusa, zikashindwa. Sababu ni kwamba pg_dump, zana ya kutoa nakala, hunakili hifadhidata moja tu, ilhali watumiaji na vikundi, ambavyo tangu toleo la 8.1 vimeunganishwa kuwa kitu kimoja, ni mali ya seva nzima. Nilivitoa kwenye seva ya zamani kwa pg_dumpall --globals-only, amri inayoandika kwenye faili vitu vya seva nzima pekee, nikaviingiza kwanza, ndipo nikairejesha hifadhidata upya. Utaratibu huo ni wa lazima, kwa kuwa ruhusa haitolewi kwa mtumiaji ambaye hajaundwa. Faili hilo hubeba pia hashi za nywila (nywila zilizogeuzwa kuwa msimbo), hivyo nililifungia kwa chmod 600, ili mwenye faili pekee aweze kulisoma na kuliandika.