Jinsi Nilivyompata Mwanasaikolojia wa Kibinafsi Mombasa na Jinsi Nilivyomlipa

Watu wanaoniuliza nilivyofanya hadi nikapata matibabu ya mwanasaikolojia wa kibinafsi hapa Mombasa huanza na bei, nami huwauliza kwanza kama wameshaonana na daktari wa kawaida na wana barua yake mkononi. Mimi barua hiyo niliipata bila kuitafuta. Nilikwenda zahanati iliyo karibu na kazini kwa sababu moyo ulikuwa ukinienda mbio usiku na usingizi ukikatika alfajiri, nikapimwa presha, sukari na umeme wa moyo, na vyote vikatoka salama. Ndipo daktari, kijana mpole asiye na haraka, aliponipa karatasi yenye maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya chakula, uchovu, kukosa raha katika mambo niliyoyapenda, na mengineyo, kila swali likipewa alama kuanzia 0 hadi 3. Jumla yangu ilivuka 10, ambayo ni alama wanayoichukulia kuwa dalili ya kuhitaji uchunguzi zaidi. Swali la tisa huuliza kama mtu amewaza kujidhuru au ameona heri afe. Jibu langu lilikuwa hapana, na daktari alinieleza waziwazi kwamba lingekuwa ndiyo, tusingezungumza habari za bima wala za miadi ya wiki ijayo, bali ningepelekwa hospitali siku ile ile. Akaandika rufaa ya nusu ukurasa, akaitia sahihi na muhuri, akanikabidhi.

Nyumbani mjomba wangu alikuwa ameshapendekeza nisomewe dua na mwalimu, nami nilisomewa, na sioni kwamba jambo hilo liligongana na kumwona mwanasaikolojia. Tofauti niliyoihisi ilikuwa katika malipo. Kwa mwalimu hakuna anayetaja bei. Unaaga, unampa mkono, na kilichomo mkononi ni siri yenu wawili. Nadhani wengi wetu tunaingia katika ofisi ya mwanasaikolojia tukiwa na adabu hiyo hiyo, tunaona aibu kuuliza gharama kabla ya kuketi, kisha tunatoka na ankara ambayo hatuwezi kuilipa mara ya pili. Tiba ya mazungumzo kwa kawaida haimalizi kazi kwa kikao kimoja, kwa hiyo bei ninayoijali mimi ni ya miezi mitatu au minne, na ni lazima ijulikane kabla ya kuanza.

Sikuchagua njia ya kibinafsi kwa kudharau huduma za serikali. Wakazi wa Mombasa wanakijua kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya Port Reitz, na makato ya SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, huondoka katika mshahara wangu kila mwezi, asilimia 2.75, nitake nisitake. Nilichohitaji ni mtu yule yule kila wiki, kwa saa nzima, na kabla ya saa tatu asubuhi ninapotakiwa kuwa kazini, na hilo kliniki yenye foleni haiwezi kuliahidi.

Jambo la kwanza nililolifanyia kazi ni kujua nani ni nani. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili amesomea udaktari kwanza, na ndiye anayeweza kuandika dawa. Mwanasaikolojia na mshauri nasaha hutibu kwa mazungumzo na mazoezi, na hawaandiki dawa. Hapa Kenya kuna Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, iliyounda bodi ya kuwasajili na kuwapa leseni, hivyo si utovu wa adabu kumwuliza mtu nambari yake ya usajili. Niliwauliza wote niliowapigia simu. Mmoja, aliyejitangaza kuwa kocha wa maisha na mtaalamu wa kiwewe, alinijibu kwamba kipaji hakina nambari, nami nikamshukuru na kukata simu. Mwingine alinitumia picha ya cheti chake cha leseni kabla sijamaliza kueleza shida yangu, na huyo ndiye niliyeishia kwake: mama wa makamo mwenye ofisi Nyali, ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani.

Mazungumzo yetu ya kwanza kwa simu nayakumbuka vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi.

"Daktari, niwie radhi kwa kuanza na pesa."

"Afadhali umeanza nazo, baba. Wengi huzificha mpaka wanapotoweka."

Akaniambia kikao cha dakika 50 ni shilingi 4,500. Nikamwambia kwamba kwa kiasi hicho ningeweza kufika mara moja au mbili tu, na kwamba nilichosoma kinaonyesha nitahitaji zaidi. Hakukasirika wala hakupunguza papo hapo. Aliniuliza naweza kufika siku gani, akatazama daftari lake, akasema saa moja u nusu asubuhi za katikati ya wiki huwa hazina mtu, na kwa saa hizo anaweza kupokea 3,000 mradi nizishike kila wiki bila kuhamahama. Masharti mengine aliyataja hapo hapo: nikiahirisha chini ya saa 24 kabla, nitalipa nusu, malipo ni kwa M-Pesa kabla ya kikao, na baada ya mwezi wa kwanza tutaketi tuamue kama tunaendelea, na kwa mpango gani. Mtu asidhani kwamba kila mtaalamu atapunguza, ila nimeona kwamba saa wasizozipenda wateja wengine ndizo zenye nafasi ya kujadiliana, na kwamba ni rahisi zaidi kumwomba mtu saa yake tupu kuliko kumwomba huruma.

Kisha ikaja bima, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo fedha nyingi hupotea. Mwajiri wangu ametukatia bima ya afya ya kampuni ya kibinafsi, na sisi sote tuna kadi, lakini kile kijitabu cha masharti hakuna anayekisoma. Nilikiomba kutoka kwa dada wa rasilimali watu, nikakisoma usiku kucha, nikakuta mambo manne. Kwanza, ndani ya kikomo cha malipo ya wagonjwa wa nje, yaani wasiolazwa, kulikuwa na kikomo kingine kidogo cha ushauri nasaha na afya ya akili, shilingi 30,000 kwa mwaka kwa familia nzima. Pili, mtoa huduma asiyekuwa katika orodha yao angelipwa na mimi kwanza, kisha ningerudishiwa asilimia 80. Tatu, palihitajika idhini ya awali, yaani bima ikubali kabla ya matibabu kuanza. Nne, na hili ndilo lililokuwa gumu, matibabu hayo yalitambuliwa tu yakiwa yameagizwa na daktari bingwa wa magonjwa ya akili. Orodha yao ya Mombasa ilikuwa na wanasaikolojia, lakini nilipowapigia hakuna aliyekuwa na nafasi ya asubuhi, na mama wa Nyali hakuwamo.

Barua ya yule daktari kijana ikafanya kazi hapo. Kwa kuitumia, bima ilikubali kunilipia kikao kimoja na daktari bingwa aliye katika orodha yao, kwa kadi, bila mimi kutoa kitu. Daktari bingwa alinichunguza, akaona dawa si za lazima kwa wakati ule, na akaandika mpango wa tiba: ugonjwa kwa jina na kwa msimbo wake wa kimataifa, aina ya tiba, vikao vya kila wiki, na tathmini mwisho wa mwezi wa pili wa tiba. Niliambatanisha mpango huo na ombi la idhini, pamoja na barua yangu fupi iliyotaja marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022, ambayo yanakataza kampuni za bima kumbagua mtu kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Idhini ilikuja. Kwa maoni yangu ni ule msimbo na sahihi ya daktari bingwa vilivyowashawishi kuliko sheria niliyoinukuu, lakini sijutii kuinukuu.

Kabla ya kupeleka chochote, nilikuwa na hofu ambayo naamini wengi wanayo: je, ofisini watajua? Nilimwuliza yule dada wa rasilimali watu mlango ukiwa umefungwa.

"Kaka, mimi naletewa jumla ya matumizi ya kampuni nzima," alinijibu. "Jina la ugonjwa wako silioni, na nikiliona nitakuwa nimevunja sheria mimi na wao."

Alikuwa akimaanisha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Hata hivyo niliomba jibu hilo kwa maandishi kutoka kwa bima, nikalipata, na ninalo.

Hesabu sasa ikawa hivi. Vikao vinne kwa mwezi ni shilingi 12,000. Bima ingerudisha 2,400 kwa kila kikao, hivyo mzigo wangu halisi ulikuwa 600 kwa kikao, na kikomo cha 30,000 kingetosha vikao kumi na viwili vya mwaka huo. Tatizo ni kwamba fedha za bima hurudi baada ya wiki kadhaa, wakati mwanasaikolojia analipwa asubuhi ile ile. Nilihitaji fungu la kuzungusha. Sisi wafanyakazi tuna chama cha kuchangiana kwa zamu ambacho zamu yangu ya kupokea ilikuwa mbali, nikamwomba mwenzangu tubadilishane, akakubali bila kuniuliza sababu. Fedha hizo niliziweka katika akiba ya M-Shwari, mbali na matumizi ya nyumbani, na kila marejesho ya bima yalipoingia yalikwenda huko huko. Mke wangu alijua kila shilingi, maana siwezi kufanya jambo la kila wiki nyumbani kwangu kwa siri, na pia nisingetaka.

Madai ya kwanza yalirudishwa. Nilikuwa nimeambatanisha ujumbe wa M-Pesa pamoja na risiti, na risiti ile ilisema "ushauri" tu. Afisa wa madai alinieleza kwa simu wanachotaka kuona: jina la mgonjwa kama lilivyo kwenye kadi, tarehe ya kikao chenyewe na si ya malipo, aina ya huduma, msimbo wa ugonjwa ule ule ulio katika mpango wa daktari bingwa, nambari ya usajili ya mwanasaikolojia, sahihi na muhuri. Nilimpelekea mama wa Nyali orodha hiyo, naye akatengeneza risiti mpya ambayo sasa, aliniambia, anaitumia kwa wateja wake wote wenye bima. Nakala ya kila risiti niliipiga picha kabla ya kuituma, kwa sababu masharti yalitoa siku 90 tangu tarehe ya huduma, na karatasi ikipotea njiani siku hazisimami.

Kuhusu vikao vyenyewe sitasema mengi, ila kwamba vilikuwa kazi, si maongezi ya kupitisha wakati. Nilipewa daftari la kuandika saa za kulala na kuamka, na mawazo yaliyokuwa yakinijia alfajiri, kisha tukayapekua moja moja kwa kuuliza ushahidi wake uko wapi. Nilikuwa nikifika na mambo mawili yaliyoandikwa, ili dakika kumi za mwanzo zisiishie kwa habari za msongamano wa daraja la Nyali. Wiki za mvua kubwa tulikutana kwa simu, nikiwa nimejifungia stoo ya ofisini kati ya masanduku ya mafaili kabla wenzangu hawajafika. Picha ilikuwa ikikatika na kula bando, tukabaki na sauti, na kwa kweli kuna mambo niliyoyasema kwa urahisi zaidi nikiwa sionekani.

Mwezi wa pili ulipokwisha tulifanya tathmini kama mpango ulivyotaka. Mama wa Nyali alinipa tena yale maswali tisa, alama zikawa zimeshuka chini ya mpaka, na yeye mwenyewe akapendekeza tuonane kila baada ya wiki mbili, kisha mara moja kwa mwezi. Mtaalamu anayekupunguzia vikao kwa hiari yake, huku anajua kwamba bima bado inalipa, ni wa kuaminiwa.

Bima yetu huanza upya kila Januari. Mwaka huu dada wa rasilimali watu alipokusanya maoni kabla ya kusaini mkataba mpya, niliandika mawili: kikomo kile kiongezwe, na sharti la daktari bingwa liondolewe pale ambapo daktari wa kawaida ameshatoa rufaa. La kwanza limekubaliwa, limepanda hadi 50,000; la pili bado. Mimi sasa huenda Nyali kila baada ya miezi mitatu, nalipa 3,000 zangu na sipeleki madai, ili kikomo cha familia kibaki kizima kwa mke wangu, ambaye ana miadi yake mwezi ujao. Hatakwenda kwa mama yule yule, kwa kuwa alitueleza kwamba si vizuri mtaalamu mmoja kuwatibu mume na mke kila mmoja peke yake, akatupa majina ya wenzake wawili, mmoja wao akiwa katika orodha ya bima.