Kopo la Zamani, Unga Mpya

Sheria ya ajira inampa mama aliyejifungua siku 84 za likizo, na aliyejifungua mapacha siku 100. Yaani yule mtoto wa pili amethaminiwa siku 16. Zangu zilikwisha Juni ya mwaka 2021, na Juni ya Mbeya mnaijua: ukungu hautoki mpaka jua likaze, nepi hazikauki, na maji ya bomba unayaogopa kuyagusa.

Nilikuwa nafundisha kemia kwenye sekondari moja binafsi upande wa Iyunga, na nyumbani ni Uyole. Sheria hiyohiyo inaruhusu kwenda kunyonyesha mpaka masaa mawili kwa siku. Aliyeitunga hakuwahi kupanda daladala kutoka Iyunga kwenda Uyole wakati malori ya Tunduma yamejaa barabarani. Kukamua nilikamua, lakini kilichopatikana kilimtosha Kulwa peke yake, Doto akabaki anaangalia. Tukakubaliana: usiku na wikiendi wananyonya kwangu, mchana wa siku za kazi wanapewa maziwa ya kopo.

Mama mkwe akaja kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi na jogoo aliyefungwa miguu. Alipowaona wawili kwa mpigo alisema "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, mara nyingi, akiangalia dari. Zamani kwao Unyakyusa mapacha walikuwa jambo zito; wazazi wao walitengwa na kufanyiwa dawa kabla ya kuchangamana tena na watu. Yeye ni Mmoravian wa kuzaliwa, habari hizo huzisimulia kwa kicheko, ila nimeona hazisimulii mbele ya wageni.

Nilimfundisha kuchanganya maziwa, na sijawahi kupata mwanafunzi makini kama yule. Unga wa kopo hausafishwi ukaisha vijidudu vyote, ndiyo maana wataalamu wa afya wanataka uchanganywe na maji ya moto yasiyopungua nyuzi 70, kisha chupa ipozwe. Mbeya iko juu, kama mita 1,700 toka usawa wa bahari, na maji yetu huchemka yakiwa na nyuzi 94 hivi, kwa hiyo hakuna cha kuyaacha yapoe muda mrefu. Mama alikuwa anachemsha, anamimina kwenye chupa ya chai iliyotengwa kwa ajili ya watoto tu, na mtu akiigusa kwa ajili ya kahawa anasikia maneno. Nilimwandikia kwa kalamu nene nyuma ya karatasi ya mtihani, nikabandika ukutani: MAJI 120, VIJIKO 2, SAWAZISHA KWA KISU. Ndivyo lile kopo lilivyotaka, kijiko kimoja kwa mililita 60.

Tatizo lilikuwa bei. Kopo la gramu 400 linatoa kama lita 3 tu za maziwa. Mtoto wa umri ule anahitaji karibu mililita 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Wangu walikuwa na kilo sita sita, na nusu ya hizo mililita zilitoka kwenye chupa. Piga hesabu mwenyewe. Kopo lilikuwa 22,000 na tulikuwa tunalifungua kabla hatujasahau kufungua la mwisho. Baba Kulwa ni mhasibu kwenye ghala la mbolea, ana daftari la matumizi ya nyumbani, na ukurasa wa maziwa ulikuwa umeshaipita kodi ya nyumba.

Ushauri haukukosekana. Jirani yetu alisema tunajitesa bure, Rungwe ng'ombe wamejaa, mchanganyie mtoto na maji basi. Nesi alikuwa ametuonya mapema kwamba maziwa ya ng'ombe yana chuma kidogo mno na yanazilemea figo za mtoto mchanga. Yasubiri atimize mwaka. Hilo halikujadiliwa.

Kisha supamaketi moja ya mjini ikaanza kuuza kopo jeupe, halina mapambo, lina jina la duka la nje tu. Shilingi 14,000. Baba Kulwa alilizunguka wiki nzima bila kulinunua. Nikampigia dada yangu aliyeko Marekani, anahudumia wazee kule Texas. Akacheka. Kitindamimba wake alikulia kwenye kopo la Walmart linaloitwa Parent's Choice, jina la duka lenyewe, na sasa anacheza mpira. Akanieleza kwamba kule tangu mwaka 1980 kuna sheria inayotaja virutubisho vinavyotakiwa kwenye kila kopo la mtoto na viwango vyake vya chini, la bei kubwa na la bei ndogo sawasawa. Sheria yenyewe ilitungwa baada ya watoto kuugua kwa sababu kopo fulani lilikuwa limekosa kloridi. "Mdogo wangu, unalipia tangazo," akasema. "Ndani ni yale yale."

Mimi Texas siishi, nilitaka kujiridhisha. Baba Kulwa akasimama dukani, akahakikisha limeandikwa namba 1, yaani la tangu kuzaliwa, akaangalia tarehe ya mwisho, akanitumia kwa WhatsApp picha ya jedwali la virutubisho. Nikalisoma ofisi ya walimu wakati wa mapumziko. Nishati kilokalori 66 kwa mililita 100, chuma kipo, laktosi ipo, protini karibu sawa na lile la kwanza. Nikamjibu: nunua. Akalipeleka nyumbani saa ya chakula cha mchana, akamwambia mama yake maneno ya dada yangu neno kwa neno: ni yale yale.

Jioni niliporudi niliona kopo la zamani kwenye rafu, pale pale siku zote. Nikauliza lile jeupe liko wapi. Mama akasema ameshalimimina humu. Kesho yake kina mama wa kanisani walikuwa wanakuja kuwaona watoto, na hakutaka wakute kopo lisilojulikana mezani. "Watasema mwanangu ameishiwa," akasema, akafunika mfuniko. Sikuona ubaya. Kila nyumba Mbeya ina kopo la maziwa lenye kitu kingine ndani, sukari, maharage, vifungo.

Kina mama wakaja, wakaimba, wakala ndizi, wakalisifu kopo.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu na sikujua kwa nini. Nikirudi jioni watoto walikuwa wananivamia kabla sijavua koti. Mama alisema wanalia mchana kutwa, wanamaliza chupa, wanalala kidogo, wanaamka wanalia tena; nepi nazo zimelowa kupita kiasi. Tukasema baridi. Tukasema meno, wakati hayakuwa yamefika. Mama akaanza kulitazama kopo kwa jicho baya: cha rahisi kina gharama yake, alijua tangu mwanzo. Aliyekuwa na furaha ni mhasibu peke yake. Daftari lilionyesha kopo jipya, pamoja na kuwa la bei ndogo, linadumu mara mbili ya lile la kwanza. Alinionyesha ukurasa huo kitandani usiku mmoja, amewasha tochi ya simu. Alishaanza kuzungumzia bati za kwetu kijijini.

Siku ya kliniki nilikuwa na kipindi cha kwanza, mama akatangulia na watoto, mimi nikawafuata baadaye. Nikawakuta bado kwenye foleni ya mizani. Kulwa akaning'inizwa, akapiga kelele, nesi akaandika. Doto hivyo hivyo. Nesi akazitazama zile kadi mbili, akazirudia. Mstari wa Kulwa ulikuwa umelala. Wa Doto ulikuwa umeinama kidogo.

"Mchana wanakula nini?"

"Maziwa ya kopo, sista," mama akajibu, akalitoa kwenye kapu pamoja na chupa ya chai, kwa sababu yeye hatoki na watoto bila vitu vyake.

"Hebu nitengenezee moja, mama. Kama unavyofanya nyumbani."

Mama akanawa. Akamimina maji mpaka mstari wa 120, akainama macho yawe usawa wa mstari kama nilivyomwelekeza. Akafungua kopo, akachimba kijiko kilichozama kwenye unga, akachota, akasawazisha kwa mgongo wa kisu alichokifunga kwenye kitambaa safi. Akachota cha pili, akasawazisha. Akafunga, akatikisa. Mwanafunzi wangu wa kidato cha nne hafanyi hivyo maabara.

Nesi akaiinua chupa kuelekea dirishani. Mwanga ukapita. Maziwa yalikuwa mepesi, yana ubluu, na kule upande wa pili niliona vidole vyake.

"Mama," akasema taratibu, "hili kopo na hiki kijiko ni mtu na nduguye?"

Mama hakuelewa. Mimi nilielewa kabla nesi hajamaliza, na damu ikanishuka. Kijiko kilikuwa cha kopo jeupe. Kilimiminika pamoja na unga. Kile cha zamani mama alishakihamishia kwenye chumvi. Hiki kilikuwa kidogo, nusu ya mwenzake, kijiko kimoja kwa mililita 30. Chupa ya 120 ilitaka vijiko 4. Mama alikuwa anaifuata karatasi yangu ya ukutani bila kukosea hata siku moja, na wanangu walikuwa wanakunywa nusu maziwa, nusu maji.

Nesi hakutugombeza. Alieleza kwamba makopo hayafanani vijiko, kila kampuni na kipimo chake, na kijiko cha hili hakipimi unga wa lile. Na kwamba maziwa yaliyozimuliwa hayaleti njaa peke yake: maji yakizidi, chumvi kwenye damu ya mtoto inashuka, anaweza kupata degedege. Kilichowaokoa, alisema, ni kwamba usiku na wikiendi walikuwa wananyonya. Akatutaka turudi kila wiki kupima mpaka mistari ipande tena.

Kwenye bajaji mama alimpakata Doto, hakusema neno mpaka Uyole. Akashuka, akaenda moja kwa moja jikoni, akabandua karatasi, akaniletea na kalamu. "Andika upya," akasema. Kisha akaongeza, na hapo nikajua hajavunjika: "Lakini maziwa yenyewe kumbe hayana kosa?"

Hayakuwa na kosa. Tuliendelea na kopo jeupe, safari hii ndani ya kopo jeupe, na wageni wakija alikuwa analifunika kwa kitambaa cha kufuma. Kulwa akaanza kulala mchana tena. Mistari ikapanda, wa Doto kwa kuchelewa kidogo.

Baba Kulwa akalifuta lile hesabu lake kwa rula na wino mwekundu, akapiga upya kwa vijiko 4. Akiba bado ilikuwepo, 8,000 kwa kila kopo. Bati hazikufika, lakini pengo la kodi ya nyumba liliziba. Hakulionyesha tena kitandani. Kuhusu neno lake "ni yale yale" hatujawahi kuzungumza, ingawa mama yake alimkumbusha mara moja au mbili akiwa anasonga ugali.

Walipofikisha miezi sita tukaanza uji wa ulezi na kopo likapungua umuhimu. Ugomvi ukahamia kwenye parachichi: mama alitaka wapondewe kila mlo, maana kwake zinaanguka zenyewe, na baba Kulwa alitaka kwanza ajue nauli ya kuzileta kutoka Tukuyu inaandikwa ukurasa upi.