Somo la balehe katika shule ya msingi ya Kikatoliki Uingereza: barua, sanduku na vijiko vitatu vya maji

Wazazi wengi waliolelewa kwa Kiswahili humpeleka mtoto shule ya Kikatoliki wakiamini kwamba mambo ya mwili hayataguswa, maana ile ni shule ya dini. Uingereza, si hivyo. Tangu Septemba 2020 elimu ya mahusiano na elimu ya afya ni lazima katika shule za msingi zinazolipiwa na serikali, na nyingi za Kikatoliki zimo humo. Balehe iko ndani ya elimu ya afya, kwa hiyo mzazi hana haki ya kumtoa mtoto kwenye kipindi hicho. Anachoweza kukataa ni elimu ya ngono inayovuka yale ya somo la sayansi. Akiomba hilo, mwalimu mkuu wa shule ya msingi hana budi kukubali.

Mwalimu asiyeujua mpaka huo huandika barua mbovu. Anawaambia wazazi "mnaweza kumtoa mtoto", nusu ya darasa inabaki maktaba, kisha watoto wanahadithiana uwanjani wakati wa mapumziko, tena kwa makosa.

Kanisa nalo halijakaa kimya. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, katika tamko lake la mwaka 1965 kuhusu elimu, ulitaka vijana wapewe elimu ya jinsia iliyo njema na yenye busara kadiri wanavyokua, na Papa Fransisko akalirudia jambo hilo mwaka 2016 katika sura ya saba ya Amoris Laetitia, waraka wake kuhusu upendo katika familia. Mafundisho hayo hayo yanamweka mzazi kuwa mlezi wa kwanza. Ndiyo maana barua hutangulia kipindi kwa wiki tatu hivi, na wazazi huitwa jioni moja waone kila picha na kila neno litakalotumika. Kila neno, si muhtasari. Mzazi aliyeiona picha ya korodani siku hiyo hatashtuka mwanawe akilitaja neno hilo mezani.

Kwa familia zetu barua iwe na jambo moja zaidi: majina ya viungo kwa Kiswahili. Uume, uke, korodani, mji wa mimba, hedhi. Pwani, kazi hii ilikuwa ya somo au kungwi, yaani mwanamke anayemfunda msichana, wala si ya mama mzazi. Huku Uingereza kungwi yuko mbali, na mama hajawahi kuyatamka maneno hayo mbele ya mtoto. Akiyakuta yameandikwa, ana pa kuanzia. Na mtoto anayejua kusema "nanii" au "kidudu" tu, siku akiguswa vibaya na kumweleza mwalimu, hataeleweka.

Wakati unaofaa ni mwaka wa tano, muhula wa kwanza, watoto wakiwa na miaka 9 hadi 10. Balehe ya msichana huanza kati ya miaka 8 na 13, ya mvulana kati ya 9 na 14. Shule inayosubiri mwisho wa mwaka wa sita inampa mwavuli aliyekwisha lowa. Wapo wanaovunja ungo mwaka wa nne.

Kipindi chenyewe kianze kwa sala fupi na Zaburi 139, ule mstari wa kuumbwa kwa jinsi ya ajabu. Dakika tano zinatosha. Sala ikirefushwa, watoto wanaona inatumika kama kitambaa cha kufunikia aibu ya mwalimu. Wavulana na wasichana wakae pamoja wajifunze yote: sauti kuwa nzito, jasho, nywele, chunusi, hedhi, ndoto nyevu. Kuwatenganisha tangu mwanzo kunawafunza wavulana kuwa hedhi ni siri, na siri hiyo ndiyo mama wa kejeli. Dakika kumi za mwisho wanaweza kugawanywa, wakaulize yale wanayoyaonea haya.

Hedhi ionyeshwe kwa vitendo. Chukua chupi mpya, bandika pedi, kunja mabawa yake. Kisha pima vijiko vitatu vya chakula vya maji yenye rangi nyekundu, kama mililita 45, uyamimine polepole juu yake. Watoto wengi hudhani damu inayotoka ni ndoo nzima. Kwa kawaida ni mililita 20 hadi 90 kwa hedhi nzima, inayochukua siku 2 hadi 7. Usitumie rangi ya buluu ya matangazo ya televisheni. Mtoto aliyezoea buluu atapiga kelele akiona nyekundu.

Kuhusu sanduku ambamo watoto hutumbukiza maswali yao, kosa ni kusema "mwenye swali aandike". Watoto wawili wakiandika, darasa zima linawajua. Kila mmoja apewe karatasi sawa na penseli sawa, na asiye na swali aandike alichokula asubuhi. Kalamu zote zitembee kwa muda mmoja.

Usifungue sanduku palepale. Soma usiku, panga mafungu matatu: ya kujibiwa mbele ya wote, ya kurudishwa kwa mzazi, na yale yanayonusa hatari. Fungu la tatu linakwenda siku hiyo hiyo kwa mwalimu mwenye dhamana ya ulinzi wa watoto, hata kama ni karatasi moja na hata kama huenda ni mzaha.

Mtoto akikujia mwenyewe, usimwahidi kwamba utaificha siri yake. Hutaweza kuitimiza, naye hatakuamini tena. Mwambie "nieleze", usimuulize "je, ni baba?" Andika maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na saa.

Kabla ya yote hayo, nenda chooni. Shule za serikali Uingereza zinaweza kuagiza pedi bure tangu Januari 2020, lakini mara nyingi ziko kabatini ofisini, na pipa lenye kifuniko liko choo cha walimu tu. Pedi ziwekwe mahali msichana atakapozichukua bila kuomba.

Na kipindi kisiwe Ijumaa mchana. Maswali huzaliwa njiani kurudi nyumbani, na Jumamosi hakuna wa kuyapokea.