Kazi imejifanya yenyewe!

Jamani, leo nimeamka nikakuta mstari mpya kwenye hifadhidata. Nilikuwa nimelala!

Ni ile programu yangu ya Flask (zana ya Python ya kutengeneza tovuti) inayochukua halijoto ya Mwanza kutoka Open-Meteo, huduma ya mtandaoni ya data za hali ya hewa. Celery ni zana ya Python ya kufanya kazi chinichini, na Beat ndiyo sehemu yake ya ratiba. Muda ukifika, Beat huweka kazi kwenye foleni iliyo ndani ya Redis (hifadhi ya data ya haraka), kisha mchakato mwingine huitekeleza. Beat ni kama mpiga debe: anaita abiria, haendeshi gari.

Kilichonichekesha ni saa. Celery isipoelekezwa hufuata UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu), kwa hiyo saa 12 yetu ya asubuhi kwake ni 03:00.
Nikaiwekea saa za Africa/Dar_es_Salaam.

06:00 na sekunde chache, halijoto ndani!
Nimeutazama huo mstari mpaka chai ikapoa.

Wenzangu mnaotumia APScheduler (zana nyingine ya Python ya kupanga ratiba za kazi), seva ikizimika usiku mnafidiaje data iliyopita?