Mgonjwa wa Kifua na Mkojo Usiopimwa

Mtu akilazwa kwa homa ya mafua makali au UVIKO-19, macho yote huenda kifuani. Ndugu wanauliza oksijeni imefika ngapi, muuguzi anatazama kile kipimo cha kidoleni, daktari anasoma eksirei. Chini ya kitanda umening'inia mfuko wenye mkojo wa rangi ya chai iliyokolea, kiasi cha kikombe kimoja tangu asubuhi, na hakuna aliyeandika. Mfuko ule ndio mada yangu leo, kwa wauguzi na matabibu wa vituo vyetu vya Kongwa, Bahi, Chemba na Mpwapwa, na kwa ndugu wanaomuuguza mtu wao.

Figo mbili hupokea asilimia 20 hadi 25 ya damu yote inayosukumwa na moyo. Pamoja na wingi huo, sehemu ya ndani ya figo huishi kwa oksijeni kidogo tu hata siku za afya. Presha ikishuka au oksijeni ya damu ikipungua, chembe za mirija ya huko ndani ndizo zinazoanza kufa. Virusi vyenyewe vinaweza kuchangia: mwili ukipambana navyo kwa nguvu kupita kiasi mishipa midogo huvimba na damu huganda ndani yake, na katika UVIKO-19 imeonekana pia vichujio vyenyewe kusinyaa na kumwaga protini nyingi. Lakini wengi tunaowapokea figo zao zimeumizwa na mambo ya kawaida kabisa, na mengi yanazuilika.

Fikiria baba mwenye presha aliyekaa nyumbani siku nne na homa. Hewa ya Dodoma katikati ya mwaka ni kavu na upepo hauishi. Anapumua mara 30 kwa dakika, kila pumzi inatoka na maji, jasho linamtoka, uji haupiti. Mwili umeuma, amenunuliwa diklofenaki duka la dawa. Na kwa kuwa ni mtu makini, hajaacha vidonge vyake vya presha hata siku moja: losartani na kile cha kukojosha. Hapo figo imebanwa pande tatu. Kila kichujio cha figo kina mshipa wa kuingizia damu na mshipa wa kuitoa. Mwili ukikauka, figo hujiokoa kwa kuulegeza wa kuingizia na kuubana wa kutolea, ili msukumo wa kuchuja ubaki. Diklofenaki au ibuprofeni inazuia ule wa kuingizia usilegee, losartani au enalaprili inazuia ule wa kutolea usibane, na kidonge cha kukojosha kinamaliza maji yaliyobaki. Kwa homa na maumivu parasetamoli inatosha. Vidonge vya presha na metifomini (dawa ya kisukari) mwambieni daktari siku ileile ya kufika. Kwa mgonjwa aliyekaukiwa au mwenye presha ya chini vingi husimamishwa kwa muda, kisha hurudishwa figo zikitulia. Njooni na maboksi yenyewe, na dawa ya miti shamba pia mkionyeshe kama imetumika. Hakuna atakayewagombeza, na kama yupo, amekosea.

Wodini nako kuna mtego wake, nao ni jentamaisini, antibayotiki ya sindano, inayoandikwa kwa mazoea. Virusi haviisikii. Kama kuna dalili za bakteria, zipo antibayotiki nyingine za kifua. Na kama jenta haina budi, kreatinini (uchafu wa damu unaoonyesha figo zinavyochuja) ipimwe kabla na irudiwe, kwa sababu figo iliyolegea haiitoi nje, na dozi ya kesho inajipanga juu ya ile ya jana.

Sasa kipimo. Mtu mzima anatakiwa kukojoa angalau nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kila saa. Mwenye kilo 60 ni mililita 30 kwa saa, yaani 180 kwa saa sita. Akiwa chini ya hapo kwa saa sita, figo zimeshaanza kuumia kwa vigezo vya kimataifa, hata kama majibu ya maabara hayajarudi. Si kila mgonjwa awekewe mpira wa mkojo, maana mpira nao huleta maambukizi. Anayeweza kukojoa mwenyewe mpeni chombo chenye alama. Hata chupa ya maji ya nusu lita iliyokatwa shingo inafaa. Ndugu aandike saa na kiasi, na upande wa pili aandike alichokunywa na dripu iliyoingia.

Kabla ya kusema figo zimegoma, gusa tumbo la chini. Mzee mwenye tezi dume aliyemeza dawa za mafua zenye klofeniramini au pseudoefedrini anaweza kufunga mkojo kabisa, kibofu kimejaa kama mpira. Na mwenye mpira wa mkojo, kagua kama haukujikunja chini ya paja.

Kreatinini ina ujanja wake. Hupanda siku moja au mbili baada ya figo kuumia, na maabara huweka alama pale tu inapovuka kiwango cha kawaida. Jana 75, leo 110: fomu haina alama, lakini imepanda kwa 35, na kupanda kwa maikromoli 26.5 kwa lita ndani ya saa 48 tayari ni jeraha la figo. Vivyo hivyo ikifika mara moja na nusu ya ile ya awali ndani ya siku saba. Kwa hiyo jibu moja halitoshi: pima siku ya kulazwa, rudia baada ya saa 24 hadi 48. Ikishuka baada ya maji, ujue aliumia akiwa nyumbani.

Kijiti cha mkojo kitumike siku ya kwanza, kabla mpira haujakwaruza njia na kuleta damu ya uongo. Kikionyesha damu nyingi lakini darubini haioni chembe nyekundu, na mkojo ni mweusi kama soda, na mapaja yanauma hata kuguswa, shuku misuli iliyovunjika na kumwaga uchafu wake kwenye figo. Homa ya mafua inajulikana kwa hilo.

Pagumu hasa ni kwenye maji. Figo kavu inataka dripu, mapafu yaliyovimba hayaitaki. Nimeshaona hoja pande zote mbili zikitetewa kwa sauti kubwa, na msimamo wangu ni huu: mpe kidogo, kisha mkague. Ringa lakteti mililita 250 hadi 500, halafu rudi kitandani: presha, mapigo, pumzi, sauti za chini ya mapafu, mkojo. Mkojo ukifunguka na kifua kikabaki kilekile, endelea. Sauti za mikwaruzo kifuani zikiongezeka au oksijeni ikishuka, simama hapohapo. Lita tatu zilizoandikwa asubuhi na kuachwa zijimalize mpaka usiku ni hatari. Mizani husaidia kuliko watu wanavyodhani: kilo mbili zilizoongezeka tangu jana si chakula, ni lita mbili za maji. Presha ikibaki chini licha ya dripu, anahitaji dawa ya kubana mishipa. Fiurosemaidi, dawa ya kukojosha, hupunguza maji yaliyozidi, ila haiponyi figo. Usimpe mgonjwa mkavu ili tu mfuko ujae.

Potasiamu, madini ambayo figo iliyoumia haiyatoi nje vizuri, ndiyo inayoua ghafla. Ikifika milimoli 6.5 kwa lita, au ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ikibadilika, anza na kalsiamu glukoneti ya asilimia 10 kwenye mshipa, taratibu, kulinda moyo. Kisha insulini ya haraka yuniti 10 pamoja na dekstrosi gramu 25, na sukari ipimwe kila saa. Haya yananunua muda tu. Ndugu nao wasilete ubuyu, zabibu kavu wala maji ya dafu, vina potasiamu nyingi. Mlenda wa magadi unaongeza chumvi kwa mtu ambaye tayari amevimba.

Dozi nazo zifuate figo. Oseltamiviri, dawa ya virusi vya homa ya mafua, miligramu 75 mara mbili kwa siku inakuwa 30 mara mbili kama uchujaji wa figo ni kati ya mililita 30 na 60 kwa dakika, na 30 mara moja ukiwa kati ya 10 na 30.

Rufaa iandikwe mkojo ulipopungua, isisubiri ukauke. Potasiamu isiyoshuka, mapafu yaliyojaa maji, damu yenye asidi kali, au mgonjwa kuchanganyikiwa kwa uchafu wa damu, huyo anahitaji kusafishwa damu. Dodoma mjini huduma hiyo ipo. Hospitali ya Benjamin Mkapa hata upandikizaji wa figo inafanya tangu 2018. Kwenye barua andika kreatinini zote na tarehe zake, mkojo wa saa 24, na dawa zilizotolewa.

Akiruhusiwa, kreatinini na protini ya mkojo virudiwe baada ya miezi mitatu, hata kama anajisikia mzima na ameshaanza kwenda shambani. Tarehe hiyo iandikwe kwenye karatasi ya ruhusa, na chini yake: diklofenaki, hapana.