Theluji ya Kibo niliipata kwenye ukuta wa chokaa

Dada mmoja aliniagiza picha ya Kilimanjaro ya kumkumbuka marehemu baba yake, mzaliwa wa Loitokitok, mji wa Kenya ulio chini ya mlima huo, upande wa kaskazini. Sharti lake lilikuwa moja: "Kaka, sitaki picha ya msiba. Nikiitazama nijue kumekucha."

Wajuzi wa mjini wakanishika sikio: theluji ni nyeupe tupu, kivuli tia nyeusi. Nikaijaribu dawa yao kwenye kipande cha turubai, mlima ukatoka kama sanda. Nyeusi ya tyubu inaua mwanga, na inaniudhi kuona vijana bado wanafundishwa hivyo.

Sasa Mombasa theluji nitaipata wapi? Nikadamkia Mji wa Kale, nikakaa mbele ya nyumba iliyopakwa chokaa. Nilikuwa nimetoboa tundu dogo kwenye kadi ngumu. Unafumba jicho moja, unachungulia, unaona rangi peke yake bila ukuta. Jua lilipochomoza, upande uliopigwa ulikuwa chungwa hafifu, unaelekea waridi. Na upande wa kivuli? Buluu, tena yenye zambarau! Nyeupe haikuwepo kabisa. Kivuli cha nje hakikosi mwanga, kinaangaziwa na anga, na anga ni buluu. Theluji nayo ni vivyo hivyo.

Nikaweka jua kushoto, upande wa Mawenzi, kilele cha mashariki, maana ukiutazama mlima kutoka kaskazini asubuhi jua liko huko. Kibo, kilele kikuu, mita 5,895, nikakipa chungwa ile ile ya ukutani. Mbuga ya chini nikaiacha gizani kwa buluu nzito na kahawia, bila tone la nyeusi. Kilele kinaota jua na bondeni bado usiku: hayo ndiyo aliyoyataka dada, wala sikuhitaji kuchora njiwa au malaika.

Wanaosema mtu wa pwani hawezi mlima wamtazame mchoraji Caspar David Friedrich wa Ujerumani. Aliuchora mlima Watzmann, ulio katika milima ya Alps, mwaka 1824 hadi 1825 bila kufika huko, akitegemea mchoro wa mwanafunzi wake, na kilele kile cheupe wengi hukisoma kuwa ishara ya Mungu.

Rangi na turubai zilinila elfu kadhaa. Nunua tyubu kubwa ya buluu, ndiyo inayoisha mwanzo.

Dada alipokuja kuichukua, hata sijamweleza kitu, akasema: "Hapa ni saa kumi na mbili na nusu, asubuhi."